Mlinda ghala: shajara ya nyoka wa ua wetu, Bweyale

3 Machi

Daftari hili naliandika kwa aibu. Wiki iliyopita, saa mbili usiku, binti yangu alikwenda ghalani kuchota mahindi akarudi mbio, bakuli kaliacha hukohuko. Nyoka. Nikashika jembe, nikamkuta kajikunja nyuma ya magunia, nikampiga mara tatu huku nikipayuka "Swila! Swila!" hadi ua ukajaa majirani. Nikapongezwa. Mwalimu kumbe jasiri.

Asubuhi kijana wangu wa sekondari alipiga picha mzoga ule kwa simu, akaniuliza kwa upole, "Baba, swila ana mistari hii?" Kichwani, kila upande, kulikuwa na mistari miwili myembamba rangi ya maziwa: mmoja ulitoka puani ukapita juu ya jicho hadi kisogoni, mwingine ulianzia jichoni ukashuka hadi pembe ya mdomo. Mwili ulikuwa wa kahawia, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta. Shingo haikuwa na dalili yoyote ya kutanuka. Picha tuliituma kwa rafiki yangu wa Entebbe aliyewahi kutunza nyoka kwa kazi. Alijibu kwa maneno matatu: "Umemuua paka wako."

Ni nyoka wa jamii ya Boaedon. Hana sumu, huwinda usiku, humkaba panya kwa kumviringisha kama chatu mdogo, akammeza. Miaka yote niliyoweka mahindi humu, inawezekana yeye na wenzake ndio walionilindia, nami nimemlipa kwa jembe.

Basi mradi wenyewe ndio huu: mwaka mzima tutaandika kila nyoka atakayeonekana katika nyumba sita zinazozunguka kisima chetu. Tarehe, saa, mahali, umbo la kichwa, tulichofanya. Binti yangu ameongeza safu moja ambayo mimi sikuifikiria: "Alifuata nini?" Nimeiacha, ingawa naona atakuwa anabahatisha.

7 Machi

Kikao kidogo chini ya mwembe, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akahudhuria. Nilidhani tutajadili usalama. Tukaishia kujadili majina.

Bweyale ni soko la lugha. Mwacholi anasema twol, Muganda omusota, Mkongo na Msudani Kusini kila mmoja ana lake, na sote tunakutana kwenye Kiswahili. Lakini Kiswahili chenyewe kina fujo zake. Kifutu, bafe, moma: kwangu mimi ni mnyama mmoja, yule ambaye Waganda humwita ssalambwa, lakini wazee wawili walikuwa tayari kula kiapo kwamba ni watatu tofauti. Swila huku ni nyoka yeyote anayeinua kichwa. Koboko ni yeyote mrefu mweusi. Mzee mmoja akaongeza kwamba Koboko ni wilaya kule West Nile, watu wakacheka, kikao kikapoteza robo saa.

Tumekubaliana tutumie picha. Jina litafuata picha, si picha kufuata jina. Mama mkwe wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nyoka ni nyoka. Ukimaliza kumsoma jina atakuwa amekwisha kukuuma." Watu walimpigia makofi yeye, si mimi.

10 Machi

Leo tumezunguka ua wetu kama wakaguzi. Kuni zimeegemezwa ukutani, usawa wa dirisha la watoto. Matofali yaliyobaki wakati wa kujenga jiko yamelala palepale mwaka wa sita sasa, nyasi zimeyafunika. Mlango wa nyuma una uwazi chini, vidole vyangu viwili vinapita. Banda la kuku limezungushiwa wavu ambao ngumi yangu inapenya. Kichuguu nyuma ya choo kina matundu manne mapya. Ghala: mavi ya panya kila kona, na magunia mawili yametobolewa tangu nimuue yule paka.

Nilikuwa najiona mtu nadhifu.

Kuni zimehamishwa leoleo, hatua ishirini kutoka nyumbani, juu ya vigingi ili chini pawe peupe. Matofali tumeyaondoa kwa mpini mrefu wa reki, gambuti miguuni, hakuna aliyeingiza mkono mahali asipopaona. Chini yake tulikuta ng'e wawili, vyura, na gamba kuukuu la nyoka, kavu kama karatasi ya kitunguu. Nyoka mwenyewe hakuwepo.

Jirani ameshauri tumwage mafuta machafu ya gari kuzunguka nyumba. Mwingine anaapia kitunguu saumu, na mwingine mchaichai. Mchaichai tunao, upo karibu na kisima, na katikati ya majani yake ndipo tulipookota gamba la pili. Mafuta machafu nimeyakataa kabisa, kisima kiko mita kumi.

22 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Kumbikumbi wametoka, watoto wanawakamata kwa beseni na taa, na vyura wamefuata kumbikumbi. Jikoni kukapatikana "mnyoo" mrefu kama penseli, unang'aa, unateleza kwenye saruji. Haukuwa mnyoo. Ukiinama utaona magamba, na mahali pa macho kuna nukta mbili tu zilizofunikwa na ngozi. Ni nyoka kipofu. Anaishi ardhini akila mayai na watoto wa mchwa na siafu, mvua humfurusha juu. Mkia wake ni butu sawa na kichwa, ndiyo sababu mama mkwe anamwita nyoka wa vichwa viwili na hataki hata kivuli chake. Kwenye safu ya "Alifuata nini?" binti ameandika: "Hakufuata kitu. Nyumba yake imefurika." Tulimsomba kwa kijiko cha bustani tukamweka kwenye kichuguu.

4 Aprili

Naandika kwa jicho moja.

Saa tano usiku kuku walianza kelele. Nilitoka na tochi, nikaelekeza mwanga bandani, na hatua mbili mbele yangu mwili mweusi ukasimama. Safari hii hapakuwa na haja ya picha. Shingo ilitanuka, na chini ya koo, katikati ya weusi, kulikuwa na utepe mpana wa rangi ya waridi iliyokolea. Swila mtema mate, Naja nigricollis. Nilijua jina, nililiwaza kabisa kichwani kwa fahari ya mwanafunzi aliyefaulu, na kwa fahari hiyo nikabaki nimesimama. Yeye hakusubiri. Sikuona mate yakija. Nilisikia kama mtu amepuliza, kisha jicho la kushoto likawaka kama lililopakwa pilipili.

Mke wangu ndiye aliyeokoa jicho hili. Alinilaza chali kwenye mkeka, akafungua kope kwa vidole, akamimina maji ya jerikeni taratibu kutoka upande wa pua kuelekea sikioni, bila kukoma, dakika ishirini kwa saa ya simu. Mimi nilitaka kusugua, kila mtu hutaka kusugua, na kusugua ndiko kunakochuna kioo cha jicho. Jirani alileta dawa ya majani, akashukuriwa, dawa ikawekwa kando. Alfajiri nilikwenda kituo cha afya. Waliweka rangi ya kuchunguza jicho, wakaona mikwaruzo midogo, wakanipa mafuta ya antibayotiki na kitambaa.

Mate yale yakianguka kwenye ngozi isiyo na kidonda hayakudhuru, unaosha tu. Anachoshabaha ni uso, na mita mbili hadi tatu anafika bila taabu. Mimi nilikuwa karibu kuliko hapo. Ila tusidanganyane: huyu pia huuma, na meno yake huozesha nyama. Kutema ndiyo njia yake ya kukwambia ondoka.

Nyoka alikwenda zake. Mayai matatu hayapo. "Alifuata nini?" binti ameuliza kando ya kitanda, kalamu mkononi. Nimemwambia aandike mayai.

12 Aprili

Banda jipya. Wavu wa matundu madogo, kidole kidogo hakipiti, umefukiwa ardhini kiasi cha shubiri moja. Sakafu tumeipandisha juu ya miguu ya mti. Mayai yanakusanywa kabla ya magharibi, na chakula cha kuku hakilali bandani, maana kilikuwa kinalisha panya. Nimenunua miwani ya plastiki wanayovaa madereva wa boda, imening'inizwa kwenye msumari pembeni mwa tochi. Watoto wananicheka nikienda chooni nayo.

Wavu ulitugharimu kuliko nilivyokadiria. Kizingiti cha mlango wa nyuma kitasubiri.

29 Aprili

Tatu kwa wiki moja, zote nyumba za jirani. Wa kwanza ni nyoka mwembamba wa kijani mwenye madoa meusi, kapanda ukuta wa matofali kana kwamba una ngazi, akifukuza mjusi kafiri darini. Hana madhara. Walimtoa kwa fimbo ndefu, naye akafurahi kuondoka. Wa pili mweusi wa majivu, kichwa kinang'aa, midomo myeupe, alikuwa bafuni akila chura. Alipochokozwa alitandaza kichwa akafanana na fira wa karatasi. Ana sumu kidogo inayomtosha chura, mtu haimshindi. Wa tatu aliuawa kabla hatujafika, kichwa kimepondwapondwa. Tumeandika: "Hajulikani." Safu ya mwisho nayo iko wazi.

Nimegundua jambo linaloniudhi. Picha nzuri hupatikana kwa wale tusiowaogopa. Anayetisha hupigwa kichwani kwanza, na kichwa ndicho kitambulisho.

18 Mei

Shule imeniomba nizungumze na wazazi. Nilipanga kuanza na takwimu: kwamba Shirika la Afya Duniani hukadiria watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki, kwamba mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Nilisema hayo. Wazazi wakaitikia kwa adabu.

Walipoamka kweli ni nilipowaambia jike la kifutu halitagi, linazaa watoto hai, ishirini, arobaini, na kwamba jike mmoja aliyetoka Kenya alizaa watoto 156 akiwa kwenye bustani ya wanyama huko Cheki. Ukumbi ulilipuka. Baba mmoja akauliza, "Mwalimu, na hao watoto wana sumu?" Wanazaliwa nayo. Kuanzia hapo maswali hayakuisha hadi jua likazama.

Nikawachorea kifutu ubaoni: mnene, mfupi, kichwa kipana kama jembe dogo, mgongoni alama za V zimepangana kuelekea mkiani, za manjano na kahawia. Akitembea bila haraka haviringiki, huenda mnyoofu kama kiwavi. Na huyu ndiye hakimbii. Nyoka wengi wakisikia kishindo huondoka, yeye hutegemea rangi yake na kutulia palepale njiani hadi unyayo umguse. Akikuonya, hufoka kama tairi linalotoka upepo.

Nilipomaliza, mtoto wa darasa la tatu akanionyesha kwamba V zangu nilizichora zikiangalia kichwani. Nikafuta, nikachora upya.

6 Juni

Kuna anayeiga. Jirani aliita, "Kifutu mdogo bandani!" Kweli, madoa ya kahawia mgongoni, anajipinda, magamba yanasuguana yanatoa sauti ya mchanga kwenye kikaango. Lakini kichwa kilikuwa chembamba, shingo haionekani inapoanzia, na koo limevimba umbo la yai. Tukakaa mbali tukimwangalia. Baada ya muda akatapika ganda, limekunjwa vizuri kama bahasha, ute wote umebaki tumboni. Nyoka mla mayai, karibu hana meno kabisa, yai hulipasua kwa mifupa ya uti wa mgongo inayojitokeza kooni.

Nilitaka kusema hana kosa. Mwenye mayai aliniangalia, nikanyamaza. Tulimhamishia kando ya shamba kwa ndoo na ufagio mrefu.

11 Julai

Sikutamani kuandika ukurasa huu.

Mavuno ya mahindi yamepamba moto. Jana, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mtoto wa jirani yetu, miaka kumi na minne, alikuwa akitoka shambani peku, gunia kichwani. Hakuona. Kifutu alikuwa kwenye njia ya panya wa shambani, pembeni mwa rundo la mabua, akamuuma juu ya kifundo cha mguu.

Nilipofika, watu walikuwa wengi na maamuzi yalikuwa mengi zaidi. Mmoja amekwisha kukata kipande cha kanga afunge chini ya goti kwa nguvu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alitoa jiwe jeusi kwenye kikaratasi, na wembe. Nikamshika mkono wa wembe kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti, nikasema, "Mzee wangu, nakuomba. Jiwe liweke juu ya ngozi ukitaka, lakini usimchanje wala asifungwe." Sumu ya kifutu huharibu nyama ilipo na kuizuia damu kuganda. Ukichanja, unafungua bomba lisilofungika. Ukifunga kamba, unaifungia sumu mahali pamoja na mguu unanyimwa damu. Jiwe halinyonyi kitu, hilo nilijua, lakini nilikuwa nanunua muda. Mzee aliniangalia kitambo, akarudisha wembe mfukoni.

Tulimvua bangili ya mguu kabla uvimbe haujaibana. Tukaufunga mguu kwenye vipande viwili vya mbao, usitikisike, bila kukaza. Tukamwambia asikanyage chini. Kaka yake alitaka kurudi shambani amuue nyoka amlete hospitali kama ushahidi. Tukamkataza: kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma, na tayari tulikuwa na mgonjwa mmoja. Alama za V aliyeumwa ameziona mwenyewe, zinatosha. Kwenye boda alikaa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia.

Kituo cha kwanza hakikuwa na antivenomu, dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Muuguzi alisema hivyo akitazama sakafu, na sikuwa na moyo wa kumgombeza yeye. Walimwandikia barua, wakampa parasetamoli. Aspirini muuguzi alikataa kutoa, kwa sababu huzidisha kuvuja damu. Tukapoteza karibu saa nzima hapo. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini.

Hospitalini daktari kijana alifanya jambo ambalo nimeliwaza usiku kucha. Alitoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, kipya, kikavu, akakisimamisha mezani, akatazama saa. Dakika ishirini hakuna aliyekigusa. Kisha akakiinamisha. Damu ilitiririka kama soda. Ingekuwa imeganda, alituambia, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Akaagiza dawa, na kumbe mtoto hupewa dozi ileile ya mtu mzima, kwa kuwa nyoka hapunguzi sumu kwa kumwonea huruma aliye mdogo.

Leo mchana jaribio limerudiwa, damu imeganda. Anaongea. Ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi.

2 Agosti

Kijana amerudi nyumbani. Kipande cha ngozi kimeondolewa, atachechemea kwa muda. Mama yake alikuja kwetu na kuku. Nilikataa, akaniacha naye mlangoni.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa wiki tatu sasa kijiji kizima kinashtukia ung'ongo. Nyoka watano wameuawa, wanne nimewaona mizoga: wawili wa jamii ya mlinda ghala, mmoja kipofu, mmoja yule mwembamba mwenye mistari anayekimbia mchana kwenye nyasi. Hakuna kifutu hata mmoja. Sikumlaumu mtu. Niliandika tu.

Nimefanya biashara na duka la mjini: gambuti jozi tano kwa mkopo wa mwezi mmoja mmoja, zinazunguka kati ya nyumba sita kwa zamu ya shamba. Tochi kila anayetoka usiku, hata kama mbalamwezi inawaka. Na vyandarua. Vile tulivyogawiwa kwa ajili ya malaria, ukikichomeka vizuri chini ya godoro au mkeka, nyoka hapandi kulala nawe. Familia mbili zilikuwa zimevifungia bustani ya nyanya. Zimevirudisha.

Namba za simu za boda watatu wanaokubali safari ya usiku zimebandikwa kisimani. Chini yake mwenyekiti ameandika jina la hospitali yenye dawa, baada ya kuuliza mwenyewe, na anauliza upya kila mwezi.

14 Septemba

Kosa langu, na ninaliandika kwa urefu kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu.

Mvua ilinyesha mchana. Saa mbili usiku, kwenye veranda, nyoka mdogo mweusi, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, pua butu, macho madogo sana. Nikasema kwa sauti ya ualimu, "Huyu ni yule mla mijusi, hana neno." Nikavua ndara, nikainama nimshike nyuma ya kichwa, kama nilivyoona watu wakifanya kwenye video. Kijana wangu akapiga kelele, "Baba, angalia pua!" Nyoka alikuwa ameikunja shingo kama upinde, pua ameichomeka sakafuni, na mkia una ncha kama mwiba.

Nikasimama taratibu sana.

Huyo ni Atractaspis, nyoka wa mashimoni. Meno yake ni marefu na hutoka pembeni mwa mdomo uliofungwa. Hahitaji kukung'ata, hukuchoma kwa kutingisha kichwa upande. Ndiyo maana hakuna namna ya kumshika. Ukimbana nyuma ya kichwa, ndipo hasa anapokufikia kidole. Dawa ya kumpinga haimo katika antivenomu zinazotumika huku. Tulimfunika kwa ndoo, tukapitisha bati chini, tukampeleka mbali.

Sheria mpya imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada, kwa mwandiko wa mke wangu: HAKUNA NYOKA ANAYESHIKWA KWA MKONO. HATA NA MWALIMU.

20 Oktoba

Nimekaa na daftari jioni nzima. Safu ya majina imejaa mikwaruzo, nimefuta na kuandika upya, "hajulikani" saba. Safu ya binti yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Panya. Chura. Mayai. Mjusi. Panya. Panya. Nyumba yake imefurika. Panya.

Kumbe wakati mimi nahangaika kumjua mgeni, yeye alikuwa anaandika nani kampikia. Nimemnunulia kalamu mpya. Kesho tunaanza na ghala: magunia juu ya ubao, nusu mita kutoka ukutani, mahindi mengine kwenye mapipa yenye vifuniko, na mitego minne.

30 Novemba

Mitego: panya 19 kwa wiki nne. Wiki ya mwisho wanne.

16 Desemba

Kiangazi, watu wanachoma nyasi, na moto unasukuma kila chenye uhai kuelekea majumbani. Chatu alitokea mferejini karibu na barabara ya Gulu, mrefu kuliko mlango, amevimba tumbo, watu mia wamemzunguka na mawe. Mwenyekiti alisimama katikati yao akawaambia chatu analindwa na sheria na yeyote atakayerusha atamtaja. Nadhani kilichosaidia zaidi ni kwamba chatu hakufanya lolote. Amelala tu, kashiba. Watu wa Uganda Wildlife Authority, mamlaka ya wanyamapori, walipigiwa simu, wakaja asubuhi wakamtia kwenye gunia. Mbuzi wa nani, hadi leo hakuna aliyejitokeza.

8 Februari

Gamba ghalani. Lote zima, kuanzia mdomo hadi mkiani, limenasa kwenye uzi wa gunia la tatu. Sentimita 71, ingawa gamba hunyumbuka, mwenyewe atakuwa mfupi kidogo. Ni laini, halina mstari ulioinuka katikati ya magamba kama la kifutu. Hata kiwambo cha jicho kimo, kama lenzi ya saa.

Niliogopa mama mkwe akiliona atataka ghala lipuliziwe dawa. Niliporudi kutoka shule nilimkuta mlangoni mwa ghala na ufagio, amefagia kote isipokuwa ile kona. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akaelekeza kidevu ndani.

"Huyu ndiye yule wa mistari?"

"Bado hatujamwona mama. Lakini naamini ndiye."

"Mwambie asitoke nje ya ghala. Huku nje mimi simjui."

Panya wiki hii: mmoja. Kizingiti cha mlango wa nyuma bado hakijawekwa.